Mwaka Mmoja Bila Jibu: Kwa Baba Yetu, Daktari Ezra Sifuna

Mwaka sasa umetimia, Baba, tangu ulipotutoka. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tohara, na gari lililokuleta nyumbani Bungoma kutoka Kitale lilisimama mara kadhaa kuwapisha vijana waliokuwa wakikimbia barabarani na njuga mikononi, wakienda kuwaalika wajomba zao kwenye tohara. Walipoliona jeneza walinyamaza. Gari lilipopita, nyimbo zikaanza tena. Mama alisema hivyo ndivyo ungetaka, kwa kuwa hukupenda shughuli ya mtu isimame kwa ajili yako.

Watakaosoma ukurasa huu kanisani leo watataka kwanza kujua lile ambalo kila anayeingia nyumbani kwetu huuliza: ni nini kilimuua Daktari? Tunawajibu mapema, wasije wakasoma mbiombio wakilitafuta. Hatujui. Madaktari wa hospitali tatu hawakujua, na majibu ya mwisho ya maabara, yaliyokuja baada ya mazishi, hayakuonyesha chochote. Kwa hiyo hapa tutaeleza jinsi Mama, Phelista wako, alivyoishi mwaka huu akimtumaini Mungu bila kuelezwa, na kwa nini tunaamini mwalimu wake ulikuwa wewe.

Ulikuwa daktari wa mifugo Trans Nzoia tangu kabla binti yako Lenah hajazaliwa, na ulipostaafu uliendelea kama mtu ambaye hakuambiwa. Wakulima waliijua pikipiki yako kabla haijafika langoni. Ulimsalimia ng'ombe kwanza, kisha mwenyewe. Mbuzi wa akina mama wa Kipsongo uliwatibu siku za Jumamosi, na ulirudi na sukuma wiki au hukurudi na kitu. Gambuti zako ulizivua mlangoni kwetu Kibomet, ukazipindua nyayo juu, na mgeni aliyejikwaa kwazo ulimpa pole kwa kikombe cha chai yenye tangawizi kali mpaka akakohoa. Kanisani uliimba besi, nusu neno nyuma ya wenzako. Tangu uondoke kwaya inamaliza nyimbo kwa pamoja, na Mama anasema haijawahi kuimba vibaya hivyo.

Kuna siku mlikuwa mnaelekea harusini, ukamwambia Mama mtapitia kidogo tu kwa mkulima Kipngetich, upande wa Cherangany. Ng'ombe wa Kipngetich alikuwa amekufa na mimba. Jibu alikuwa nalo tayari: jirani yake Kimotho alikuwa ameweka kitu kwenye nyasi. Kwako alitaka muhuri tu. Ulivua koti la harusi ukampa Mama alishike, ukavaa gambuti, ukampasua yule ng'ombe pale uani. Uliangalia moyo, ini, mapafu, matumbo yote, kisha ukanawa mikono.

"Sijui," ukasema.

"Hujui nini?"

"Sijui kilichomuua."

"Daktari! Nimekutoa Kitale mpaka huku uje kuniambia hujui? Hiyo hata mimi nilikuwa nayo hapa nyumbani!"

"Umeniita niangalie. Nimeangalia."

"Basi sema ni sumu. Neno moja tu, bana, nani atakuuliza?"

"Nikisema ni sumu, Kimotho atalala wapi leo?"

Mke wa Kipngetich, aliyekuwa ameshika karai la maji, akacheka. "Ati atalala wapi! Hapo umemshika, Daktari."

Mlifika harusini keki imeshaliwa, na Mama hakukusemesha njia nzima. Alikuambia baadaye kwamba kuchelewa hakukumsumbua. Kilichomuudhi ni kwamba uliweza kumtuliza mtu kwa neno moja, ukakataa. Ulimjibu kwamba neno lile lingemtuliza Kipngetich peke yake.

Yakub mwenye bucha karibu na msikiti, pale mjini Kitale, mlijuana kwa ugomvi. Ulimnyima muhuri wa ukaguzi wa nyama kwa ng'ombe mzima kwa sababu ya kifua kikuu ulichokiona kwenye mapafu, naye akakuita jina ambalo halifai karatasi ya kanisa. Baadaye alikuja mwenyewe Kibomet na kifurushi cha maini. "Haya nayo yaangalie," akasema, "halafu tuyale." Mliyala. Toka siku hiyo sisi tulikwenda kwao Idi, nao walikuja kwetu Krismasi, na mkewe Suad hakukubali kuketi mpaka amwone Mama ameketi.

Mwaka jana pia tulikula Idi kubwa kwao. Wiki hiyohiyo ukashikwa na homa.

Walikupima malaria, wakakupima taifodi, wakakupima brusela, ambayo uliitaja mwenyewe kwa kuwa ndiyo inayowapata watu wa kazi yako. Hawakuipata. Damu yako ilikuwa ikipungua na hakuna aliyeona inakokwenda. Ulihamishwa hospitali, ukahamishwa tena. Kule mwisho daktari mmoja, Ngari, aliketi kwenye ukingo wa kitanda chako akasema waziwazi kwamba wamefanya vipimo vyote wanavyovijua na hana jina la ugonjwa. Ulimpa mkono. Alipotoka ulimwambia Mama kwamba huyo ni daktari mzuri.

Mama hakufurahi hata kidogo. Alisubiri mpaka wageni waondoke, akakuuliza, "Na Mungu je, Baba Lenah? Naye hajui?"

"Yeye anajua."

"Sasa mbona hasemi?"

"Nimemuuliza. Hajaniambia."

"Na wewe umeridhika, umelala tu hapo?"

"Nani amekuambia nimeridhika? Namlilia kila siku. Lakini siwezi kumwacha ati kwa sababu amenyamaza. Wewe ulininyamazia kutoka Cherangany mpaka harusini, na sikukushusha kwenye pikipiki."

Mama alicheka, kisha akalia, na wewe ukamwacha alie. Halafu ukamwomba jambo moja.

"Nikienda watataka jina la mtu. Usiwape jina ambalo huna."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie unachojua. Penye hujui, simama hapo."

Siku ya tatu baada ya kukuzika ilikuwa siku ya kunyoa. Wasio wa kwetu waelewe: wafiwa hunyolewa nywele, lakini wembe haugusi kichwa cha mtu mpaka kifo kielezwe mbele ya ukoo, tangu mwanzo hadi mwisho. Kinachosemwa pale ndicho kinachobaki. Jina la mtu likitajwa pale, halirudi. Mama alilijua hilo vizuri. Alijua pia kwamba Yakub na Suad walikuwa wametoka Kitale kuja kukaa nasi na walikuwa wameketi safu ya nyuma, na aliwaona vijana wa ukoo wakisimama kando ya ua, kimya kuliko kawaida yao.

Alieleza kila kitu kwa mpangilio: homa, hospitali, vipimo, damu, siku ya mwisho. Alipomaliza, ndugu yako Wamalwa, ambaye wengi wanamjua kwa biashara yake ya maharagwe huko Lwakhakha mpakani, alisimama.

"Shemeji, umeruka mahali."

"Wapi?"

"Siku ya Idi. Waambie wazee alikula kwa nani."

"Alikula kwa Yakub. Yuko pale nyuma, mwenye kofia nyeupe. Mimi nilikula, Lenah alikula, Wanjala alikula akaongezewa. Sinia lilikuwa moja."

Watu walicheka kidogo kwa ajili ya mwanao Wanjala. Wamalwa hakucheka.

"Sumu inajua mtu wake. Na huyu ndugu yangu alimnyima muhuri, Kitale nzima inajua."

"Inajua. Na inajua walipatana."

"Si nauliza tu, shemeji? Mtu alikuwa na nguvu zake, anaendesha pikipiki, anakufaje hivi hivi?"

"Sijui."

Mzee Khaemba, aliyeongoza kikao, alimsemesha kwa upole. "Mama, watu wametoka mbali. Hawawezi kurudi kwao na 'sijui'."

"Mzee, ningekuwa na nyingine ningewapa."

"Fikiria vizuri. Tutakuuliza tena."

Walimuuliza tena. Vijana kando ya ua walikuwa wamesogea. Yakub hakuinuka wala hakujitetea. Suad alikuwa amemshika mkono wa kanzu. Hapo ndipo tunapotaka msomaji aelewe ugumu wa jambo. Hakuna aliyelitaka jibu pale kuliko Mama. Angesema jina lile, ukoo mzima ungekuwa upande wake, na uchungu wake ungepata mahali pa kwenda. Ametuambia kwamba jina lilimfika mpaka kwenye meno. Na alitazama zile sura akajua kwamba akilitoa, bucha ya Kitale haitafika Jumapili ikiwa imesimama, na huenda mwenyewe pia asifike.

"Jambo hili nimemwachia Mungu," akasema. "Hajanieleza. Pengine hatanieleza. Namtumaini hivyo hivyo, na sitamsaidia kwa kubuni."

Akaenda kwenye kigoda, akaketi, akafungua kitambaa kichwani. "Maelezo yamekwisha. Ninyoeni."

Wembe ukianza, maelezo yamefungwa. Hiyo nayo ni desturi, na kila mzee aliyekuwa pale aliijua. Mzee Khaemba alimtazama Wamalwa, akautazama wembe. Lakini wembe ulikuwa mkononi mwa shangazi yetu Nabwile, dada yako, na shangazi hakungoja kuambiwa. Nywele za Mama zilipoanza kuanguka, vijana waliondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta chai.

Tusiseme kwamba kuanzia siku hiyo Mama alikuwa imara. Miezi ya kwanza hakuweza kuomba sala ndefu. Aliketi kitandani upande wako akasema, "Mungu, niko hapa," basi. Mchungaji alipomwambia kwamba kila jambo lina sababu yake, Mama alimuuliza hii ni ipi. Mchungaji akasema kwa kweli haijui. Mama akamwongezea chai, na tangu hapo wanaelewana.

Baada ya Pasaka alichoka. Majibu ya maabara yalikuwa yamekuja bila kitu, na kila alipopita sokoni Kitale kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Alimpigia Wamalwa simu, akamwambia aje ampeleke kwa yule mganga wa ng'ambo ya mpaka anayesemekana kuona yaliyofichika. Wamalwa hakuchelewa. Alimkuta Mama sebuleni amevaa nguo za safari, mkoba mapajani.

"Twende, shemeji."

"Nimekuwa nikifikiri. Akinipa jina, nitalifanyia nini?"

"Si utajua sasa!"

"Nitajua alichosema yeye. Halafu nitalala na hilo jina, niamke nalo, nikikutana na mwenyewe nivuke barabara. Na kama si yeye? Hapana, Wamalwa. Siendi."

"Nimefunga duka, bana! Nimefunga duka nikuje Kitale kunywa upepo?"

"Kuna chai."

Alikunywa vikombe viwili kwa hasira, akaondoka bila kuaga vizuri. Mama alivua nguo za safari, akaenda nyuma ya zizi, akalia kwa sauti. Kisha akakama, kwa kuwa ng'ombe alikuwa ameanza kulalamika.

Tangu siku hiyo hajaomba tena aelezwe. Anaomba nguvu za siku inayofuata. Tunaandika kama watu walioona kwa macho yao kwamba anazipata. Siku za Alhamisi hupanda gari kwenda kwenye wodi ile ulimolazwa, na chupa kubwa ya uji. Huwatafuta wenye wagonjwa ambao hawajajulikana wanaumwa nini. Hawaambii kwamba mambo yatakuwa sawa. Huketi, humimina uji, husikiliza, na wakitaka huomba nao. Mwanamke mmoja alimuuliza kama Mungu amewasahau. Mama alimwambia kwamba hata yeye aliwahi kuuliza hivyo, mahali hapohapo, na bado anaongea naye. Daktari Ngari akimwona huja kuomba kikombe.

Yakub naye mwaka huu haukuwa rahisi kwake. Maneno ya Wamalwa huko Lwakhakha yalifika Kitale, na baadhi ya wateja walihama. Mama hakutoa hotuba. Alikwenda tu kununua nyama pale, mchana, watu wakiona, akala nasi nyumbani. Idi ya mwaka huu tulikwenda kama kawaida. Suad alipoleta sinia alisita mlangoni, na Mama akamwambia, "Leta, mama, watu wana njaa." Alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Karatasi hii yenyewe ilileta maneno. Lenah alipoandika majina ya wanaokukumbuka, aliwatia Yakub na Suad, na akawatumia jamaa waisome kabla ya kuchapwa. Wamalwa alipiga simu. Mama aliiweka mezani, sauti wazi, huku akichambua mboga.

"Nani ameandika huyo mtu hapo?"

"Ni mimi nimesema aandikwe."

"Basi mnitoe mimi."

"Siwezi kukutoa kwa ndugu yako."

"Chagua, shemeji. Mimi ama yeye."

"Wamalwa, nikuulize. Unaamini ni yeye?"

"Naamini kuna mtu."

"Sijauliza hiyo. Ni yeye? Uko na hakika?"

"Sina," akasema Wamalwa.

"Basi mimi na wewe tunajua sawasawa. Hatujui. Mimi nimekubali kukaa nayo, kwa sababu aliye juu anajua na namwamini. Wewe bado unazunguka ukitafuta wa kubebeshwa lawama. Si umechoka?"

"Alikuwa ndugu yangu, Phelista." Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Alinibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Unataka niseme alienda hivi hivi?"

"Nataka useme umeumia. Hilo unalijua."

Alikata simu. Tulingoja. Tulikubaliana kwamba asipotaka hatutaliandika jina lake, kwa kuwa hatutaki karatasi hii iwe na neno lisilo la kweli. Kesho yake Lenah akapata ujumbe: "Niweke. Sijasema naamini mambo ya mama yenu. Lakini siwezi kosa kwa karatasi ya ndugu yangu. Niweke juu na yule mwingine mumuweke chini kabisa." Mama aliusoma akasema awekwe anapotaka.

Juzi jiwe la kaburi lako liliwasili Bungoma. Mafundi walikuwa wamelishusha langoni wakaondoka, na lilikuwa zito. Tulikuwa tumesimama tukilitazama Wamalwa alipofika kutoka Lwakhakha. Yakub alikuwa ametangulia. Hawakuwa wameonana tangu siku ya kunyoa. Wanjala alikwenda kuwatafuta watu wa kusaidia, lakini Wamalwa hakungoja. Aliinama akashika upande mmoja. Upande wa pili ukabaki mtupu. Yakub alikunja mikono ya kanzu, akaenda, akainama.

"Inua kwako," alisema Wamalwa.

"Nimeinua."

"Polepole. Vidole vyangu viko chini."

"Naviona. Sitakuumiza."

Walilibeba mpaka kaburini, Wamalwa akirudi kinyumenyume bila kuona njia, Yakub akimwambia penye shimo na penye mzizi. Walipolituliza mahali pake walisimama wakihema, kila mtu upande wake. Juu ya jiwe tumeandika jina lako, mwaka uliozaliwa na mwaka uliokufa. Hatukuongeza neno.

Wanaokukumbuka ni ndugu yako Wamalwa, kama alivyoomba, wa kwanza, mkeo Phelista, wanao Lenah na Wanjala, dada yako Nabwile, Suad, na Yakub. Bado hatujui, Baba, na hatujamwacha Mungu. Hatutakusahau, mpendwa wetu, siku zote tutakazopewa.